Mnyonya Damu na Ratiba ya Treni

Riwaya ya Dracula ilitoka London mwezi wa Mei, 1897. Mwaka huohuo vibarua wa reli ya Uganda walikuwa wakihangaika na kiu katika nyika ya Taru, na mwaka uliofuata chuma chao kikafika maili ya 250 kutoka Mombasa. Husimuliwa kwamba Sultani wa Zanzibar, Hamoud bin Mohammed, alipanda treni kuja kujionea kazi ilipofikia, na maili ile ikapewa jina lake. Basi mji wa Sultan Hamud na mnyonya damu mashuhuri kuliko wote duniani ni rika moja.

Mjadala ufuatao umewekwa mjini humo kwa sababu hiyo. Wanaozungumza ni wanne: mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mzee aliyestaafu kazi ya reli, dereva wa lori mzaliwa wa Mombasa, na binti wa chuo kikuu aliye likizo kwao Makueni. Meza yao ni ya hoteli yoyote kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika na wachuuzi wa mifugo, Wakamba kwa Wamaasai, wanapohesabiana pesa. Watu hao wamebuniwa. Vitabu, miaka na vifo wanavyovitaja havikubuniwa.

Mwalimu ndiye anayeanza. Anadai kwamba hakuna riwaya ya kutisha iliyozaa watoto wengi kama Dracula, na kwamba siri yake haimo katika meno.

"Siri yake ni karatasi," anasema. Bram Stoker, mzaliwa wa Dublin, alikuwa meneja wa ukumbi wa maigizo wa Lyceum, London. Transylvania hakuwahi kuikanyaga. Jina la Dracula alilikuta katika kitabu cha maktaba mjini Whitby mwaka 1890, akakaa na madaftari yake miaka saba hivi. Alichokitoa mwishowe ni faili nene: shajara, barua, simu za maandishi, vipande vya magazeti, kumbukumbu za nahodha wa meli, sauti ya daktari iliyonaswa kwenye fonografu. Hakuna msimulizi wa kukushika mkono. Msomaji anapewa ushahidi na kuachwa aunge mwenyewe.

"Hebu tazameni kinavyoanza. Jonathan Harker, wakili kijana, hatuambii habari za mizimu. Analalamika kwamba treni ilichelewa saa nzima. Akishafika kwenye kasri anamkuta mwenyeji wake amejilaza kwenye kochi, anasoma. Anasoma nini? Ratiba ya treni za Uingereza! Na atakayekuja kumzidi akili ni Mina, mkewe Harker, kwa sababu amezikariri ratiba na anajua kupiga taipu."

"Hapo pa treni kuchelewa," mzee anasema, "ndipo peke yake ninapopaamini."

Mwalimu anacheka, lakini haachi. Anataka wenzake waone jinsi kitabu kilivyowaponyoka wenyewe. Stoker alifariki mwaka 1912 bila utajiri wowote uliotokana nacho. Mwaka 1922 Wajerumani walitengeneza filamu ya Nosferatu bila kuomba ruhusa. Mjane wake, Florence, akawashtaki, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Chache ziliponea. Na ni filamu hiyo, wala si riwaya, iliyofundisha dunia kwamba mnyonya damu huangamia jua likimpiga. Dracula wa Stoker hutembea mchana mitaani Piccadilly. Jua humpunguzia nguvu tu. Hata kifo chake si cha mti uliochongwa ukapigiliwa moyoni, kama wengi wanavyoapa. Anauawa kwa visu viwili, cha Harker kooni na cha Mmarekani Quincey Morris moyoni. Kwa ufupi, wengi wanaomjua Dracula hawajawahi kumsoma, na huenda hicho ndicho kipimo cha riwaya iliyoshinda.

Orodha ya wajukuu anaipitia upesi: Bela Lugosi mwaka 1931, Christopher Lee mwaka 1958, riwaya ya Stephen King ya 1975 iliyomhamishia mnyonya damu katika kijiji cha Marekani, na Sinners ya mwaka 2025, iliyowapeleka wanyonya damu Mississippi ya mwaka 1932. Anakawia kidogo kwenye Blacula ya mwaka 1972. Humo mwana wa mfalme wa Kiafrika, Mamuwalde, anakwenda kwa Dracula kuomba msaada wa kukomesha biashara ya utumwa, na malipo yake ni kuumwa shingo.

Sasa ni zamu ya mzee, na yeye hana haja na Transylvania.

"Kima iko hapo tu," anasema akielekeza kidole upande wa Nairobi. Wenzake wanaijua hadithi, ila wanamwachia, kwa kuwa mtu wa reli huisimulia kwa mpangilio wa behewa. Mwezi Juni, 1900, simba mla watu alikuwa akiwaandama wafanyakazi wa kituo cha Kima. Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, akaamua kumvizia. Behewa lake likawekwa kwenye njia ya pembeni. Ndani walikuwa watatu: yeye, Huebner na Parenti. Ryall alichukua zamu ya kukesha, na inaelekea usingizi ulimshinda. Simba akaingia kwa mlango wa kusukuma; behewa lilikuwa limeinama upande, mlango ukateleza nyuma yake ukajifunga. Mnyama na watu watatu wakawa chumba kimoja, gizani. Simba akamwua Ryall, akamkamata, akatoka naye kwa dirishani. Behewa lenyewe bado lipo, kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi.

"Mlango ukajifunga wenyewe," mzee anarudia. "Niambie, mwalimu, Stoker wako angeliandika hilo, si mngemwambia amezidisha chumvi?"

Hoja yake ina uzito kuliko anavyodhani. Miaka miwili kabla ya Kima, simba wawili wasio na manyoya ya shingo walisimamisha ujenzi wa daraja la Tsavo hadi J. H. Patterson alipowaua Desemba 1898. Kitabu chake, The Man-Eaters of Tsavo, kilichapwa mwaka 1907, na kifo cha Ryall kimo. Si riwaya, lakini kimefanya kazi ya riwaya: kikazaa Bwana Devil ya mwaka 1952, filamu iliyowavalisha Wamarekani miwani ili simba awarukie kutoka kwenye pazia, na The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996. Ngozi za simba hao Patterson aliliuzia jumba la makumbusho la Field, Chicago, mwaka 1924, kwa dola 5,000.

Binti wa chuo, aliyekuwa kimya hadi hapo, anaingilia. "Umau, ndani ya kitabu hicho kuna kijisehemu watu wanakiruka. Patterson anaandika kwamba vibarua hawakukubali kuwa wale ni simba. Walisema ni mashetani: roho za machifu wawili waliokufa, zilizochukia reli kupitishwa katika nchi yao. Yeye anaitaja imani hiyo kama upuuzi, anaendelea kusafisha bunduki. Mimi nasema riwaya ya kutisha ilikuwa hapohapo, na aliyeshika kalamu hakuitaka."

Mzee anakubali kwa kichwa, ingawa anaongeza kwamba roho za machifu hazikumsaidia mtu yeyote kupata mshahara wake.

Dereva ameshamaliza chai. Kwao Mombasa, anasema, hakuna aliyengoja Stoker ndipo ajue kwamba mtu anaweza kuwindwa kwa ajili ya damu yake. Mumiani walikuwapo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilishaeleza kwamba uvumi wa mumiani ukizuka, watu wa mjini hujawa na hofu na ni nadra kutoka nje baada ya jua kuzama. Mwaka 1947 umati ulivamia kituo cha zimamoto cha Mombasa kwa sababu ya uvumi huohuo. Nairobi na Kampala walitajwa wazimamoto wenyewe kuwa ndio wakamataji; katika Kongo ya Wabelgiji waliitwa batumbula. Gari, sare, shimo, ndoo: vifaa havibadiliki sana kutoka mji hadi mji.

Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizo na mwaka 2000 akazitolea kitabu, Speaking with Vampires. Hakuingia katika ubishi wa kama damu ilinyonywa kweli. Alizisikiliza kama ushahidi wa namna watu walivyoiona serikali ya kikoloni, mashine zake, na kazi zisizoeleweka zilizofanywa usiku na watu waliolipwa mshahara.

"Sasa linganisheni," dereva anasema, akigeukia mwalimu. "Dracula wenu ni nani? Ni mgeni. Anatoka mbali, ananunua nyumba London, anajifunza Kiingereza mpaka kisimsaliti, kisha anaanza kuwanyonya wenyeji. Mzee wangu, sisi huyo tulimjua. Alikuja kwa meli vilevile."

Hapo mwalimu, badala ya kubisha, anampa silaha zaidi. Mwaka 1990 mhakiki Stephen Arata aliandika kwamba Dracula ni hofu ya mkoloni kutawaliwa: Mwingereza anaota kwamba yale aliyoyafanya ng'ambo yanarudi nyumbani kumfanyikia yeye. Tarehe zinamuunga mkono. Riwaya ilitoka Mei 1897. Juni 1897 London nzima ilikuwa barabarani ikisherehekea miaka 60 ya Malkia Victoria kwenye kiti cha enzi. Katika mwaka wa fahari kubwa kabisa ya himaya, meneja wa ukumbi wa maigizo alikuwa ameandika kitabu cha woga. Ukiweka riwaya hiyo kando ya uvumi wa Mombasa, unapata hadithi moja iliyosimuliwa na pande mbili za boma, kila upande ukimwona mnyonya damu upande wa pili. Upande mmoja ulikuwa na mchapishaji; mwingine ulikuwa na mdomo tu.

Ni jambo la kupendeza, na pengine linapendeza kupita kiasi. Binti ndiye anayelitilia shaka.

"Zinafanana kwa damu tu," anasema. "Ndani hazifanani." Anawakumbusha zimwi la Kikamba, eimu, ambalo karibu kila mtoto wa Makueni na Kitui amelisikia kwa susu, yaani bibi yake. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango kule Kitui, alizichapisha ngano za aina hiyo mwaka 1966 katika Akamba Stories. Eimu hula watu, hula ng'ombe, humeza kijiji. Kisha anatokea mtoto jasiri, na katika ngano nyingi zimwi lenyewe linamwambia akikate kidole chake kidogo. Kidole kikikatwa, wote waliomezwa wanatoka wazima, na mifugo yao. Mumiani naye hana miujiza hiyo: ukikamatwa umekwisha, damu yako inauzwa.

"Dracula ni jambo la tatu. Akikuuma hufi tu. Unageuka yeye. Lucy, msichana aliyeposwa na kupendwa na kila mtu, anatoka kaburini usiku kwenda kuvizia watoto wadogo. Mchumba wake analazimika kumpigilia mti moyoni. Hilo ndilo Stoker aliloliacha duniani, mwalimu, kuliko hata zile karatasi zako. Kila filamu ya maiti wanaotembea, kila hadithi ambayo ndugu yako anagonga mlango na hujui kama bado ni ndugu yako, imekopa hapo. Na ndiyo sababu haiishi: kila aliyeumwa ni hadithi mpya."

Mwandishi wa makala haya anaona hii ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizowekwa mezani. Ngano ya eimu inarudisha jamii ilivyokuwa. Ikishakwisha, watoto wanaweza kulala. Dracula hairudishi kitu. Hata baada ya visu viwili kufanya kazi yake, Morris amekufa, Lucy amekufa mara mbili, na Harker anakiri katika ukurasa wa mwisho kwamba ushahidi wao wote ni rundo la nakala za taipu zisizoweza kumthibitishia mtu chochote. Ukishaandika kitabu kinachokwisha hivyo, umewaachia wengine mlango wazi. Na wengine wakaingia kwa makundi.

Basi kwa nini hawakuingia waandishi wa Kiswahili? Swali hili analiuliza dereva, na linawasha moto halisi wa mazungumzo.

Kwa mwalimu, jibu lina jina na mwaka: Muhammed Said Abdulla, 1960. Mzaliwa huyo wa Makunduchi, Zanzibar, alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kisha East African Literature Bureau ikakichapa. Kitabu kina kila kitu cha kutisha. Kina mahali pa mzimu panapoogopwa, kina tajiri aliyeuawa, na maiti yake imekutwa hapohapo mzimuni. Msomaji wa mwaka 1960 alikuwa na haki ya kutetemeka. Lakini anafika Bwana Msa, mtoto wa Kizanzibari wa Sherlock Holmes, na kiko chake na rafikiye Najum, anauliza maswali yake ya polepole, na mzimu unayeyuka. Wauaji ni watu. Sababu ni za watu.

"Alituokoa," anasema mwalimu. "Wakati huo kila mzungu aliyeandika juu yetu alitaka tuogope mizimu. Abdulla akamweka mtu mweusi anayefikiri."

"Alituibia," anasema binti.

Mzee anamtazama kwa jicho la kumkanya. Binti anarudi nyuma hatua moja, kwa adabu, lakini hoja haiachi. Hasemi kitabu ni kibaya; amekisoma zaidi ya mara moja. Anasema kilifaulu mno. Riwaya ya upelelezi ikawa njia kuu: vitabu vingine vya Bwana Msa, kuanzia Kisima cha Giningi cha mwaka 1968, ambacho hata jina lake limechukuliwa kwenye himaya ya wachawi inayosimuliwa Zanzibar, Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ya mwaka 1965, kisha Ben Mtobwa na wenzake. Hofu ikageuzwa kuwa fumbo, na fumbo kazi yake ni kufumbuliwa. Aliyebaki na giza mwanzo hadi mwisho alikuwa nadra. Binti anamtaja C. G. Mung'ong'o na Mirathi ya Hatari ya mwaka 1977, ambamo kijana, Gusto, anarithi uchawi wa babake na urithi wenyewe unamtafuna. Lucy angemwelewa Gusto, anasema: hakuchagua, na sasa ni mmoja wao.

Mwalimu anajitetea kwa mfano wa darasani. Riwaya teule ambazo wanafunzi wa Kenya wamezisoma miaka ya karibuni, Kidagaa Kimemwozea, Chozi la Heri, Nguu za Jadi, zina vitisho tele: mauaji, watu waliofukuzwa makwao, ukabila. Nani anahitaji mnyonya damu? Jibu la dereva ni la haraka: watazamaji walimhitaji. Vitabu vilipokataa, kanda za video zilikubali. Dar es Salaam, miaka ya 2000, Mussa Banzi akatoa Nsyuka, kisha Shumileta yenye jini wa kike, akichukua kidogo Nollywood, kidogo Hollywood, na nyingi kwa bibi zetu. Meno ya bandia na rangi nyekundu. Watu walinunua.

"Na mwaka 1995?" anaendelea. Kule Pemba, mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virejee, uvumi wa jini Popobawa uliwatoa watu majumbani wakalala nje kwa makundi, ukavuka hadi Unguja na Dar es Salaam. Hakuna mwandishi wa riwaya aliyehitajika. "Hofu tunayo, mwalimu. Ila kwenye kitabu haipandi."

Mzee anauliza kingeandikwaje basi, hicho kitabu kinachokosekana.

Binti ameshakifikiria. Kitakuwa faili, kama cha Stoker, ila cha hapa. Rejesta ya kituo kidogo cha reli, barua za karani Mgoa kwa dada yake Bombay, ripoti ya polisi, shajara ya mmisionari, na baada ya miaka mia, ujumbe wa sauti kwenye simu ya mjukuu wa kibarua. Vibarua wanasema ni roho za machifu. Mzungu anasema ni simba. Kila karatasi inamtetea aliyeiandika. Bwana Msa wake atakuwepo, atafafanua kila kitu katika sura ya mwisho kasoro moja, na kila kitu kitaingia akilini. Kisha itafuata karatasi moja zaidi.

Mwalimu haridhiki. Anasema hilo ni kudanganya msomaji: ama mzimu upo, ama haupo, na mwandishi anayejificha katikati ni mwoga. Tena, nani atakichapa? Wachapishaji wa Kiswahili nchini huishi kwa vitabu vya shule, na mwalimu mkuu gani ataagiza nakala za kuwanyima watoto usingizi? Dereva anasema kisichapwe, kisomwe kwa sauti kikasikilizwe kwenye malori. Kutoka Mombasa hadi Malaba kuna saa za kutosha na giza la kutosha. Mzee ana sharti lake moja tu, na analikazania hadi chai ya pili inapoletwa: sura ya Kima lazima ieleze barabara jinsi mlango wa behewa ulivyofanya kazi, kwamba ulikuwa wa kusukuma pembeni na si wa bawaba, la sivyo mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya reli atakifunga kitabu hapohapo.